Ukoo wa Healy-Rae na thamani ya kura mbili bungeni

Michael Healy-Rae alipoteuliwa waziri msaidizi wa kilimo nchini Ireland mnamo Januari 2025, akikabidhiwa masuala ya misitu, alivuka mpaka ambao babake hakuwahi kuuvuka.

Mzee huyo, Jackie Healy-Rae, alikuwa kada wa miaka mingi wa chama cha Fianna Fáil katika kaunti ya Kerry. Chama kilipomnyima tiketi mwaka wa 1997, aliwania peke yake na kushinda. Serikali ya Bertie Ahern haikuwa na wingi wa wabunge, na kura yake moja ikawa dhahabu. Aliiunga mkono kwa masharti ya barabara na miradi ya eneo lake, ila wadhifa serikalini hakupewa.

Alipostaafu mwaka wa 2011, Michael alirithi kiti. Mwaka wa 2016 alizoa kura 20,378, takriban robo ya zote zilizopigwa Kerry, na kakake Danny akachaguliwa pamoja naye. Ndugu wawili kuwania eneo moja kungekuwa kujikata miguu kwingineko. Lakini nchini Ireland mpiga kura huwaorodhesha wagombea kwa nambari, na kura zinazomzidi mshindi huhamishiwa anayefuata katika orodha hiyo. Ziada ya Michael ilimfaa Danny. Kwa hakika, jina la ukoo hufanya kazi ya chama. Kinachokosekana ni katiba na kadi za uanachama tu.

Uchaguzi wa Novemba 2024 uliirejesha hesabu ya 1997. Fianna Fáil na Fine Gael zilipata viti 86 kati ya 174, pungufu ya wingi kwa viti viwili. Ndugu hao walikuwa wawili. Wabunge wengine huru nao walijitokeza kuziba pengo, kwa hivyo bei haikupangwa Kerry pekee, ila Micheál Martin alipata uwaziri mkuu kwa kura zao pia.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Jackie aliweza kuiunga mkono serikali asubuhi na kuilaumu jioni. Michael akiwa waziri msaidizi hakuwa na nafasi hiyo: mkulima wa Kerry alipolalamikia sera ya misitu, alilalamika kwa Healy-Rae dhidi ya Healy-Rae.