Simu Peke Yake Haimkomboi Mnyonge

Siku hizi serikali nyingi duniani zinajivunia kuwapelekea wananchi huduma kwa njia ya simu za mkononi. Jambo hilo ni jema, wala hatulipingi. Lakini yatupasa kuuliza: je, mkulima anafaidika nini? Sisi twaamini kwamba katika nchi zisizo na utulivu, ambako barabara hazipitiki na ofisi zimefungwa, huduma ya simu huwa na manufaa pale tu inapowaondoa walafi waliojiweka kati ya Serikali na mwananchi.

Na tuitazame Afghanistan. Mwaka 2007 M-Pesa ilianzishwa kwa jirani zetu wa Kenya, na mwaka uliofuata mpango wa namna hiyo ulifika Afghanistan kwa jina la M-Paisa. Mwaka 2009 ulifanywa jaribio la kuwalipa kwa njia hiyo askari polisi wapatao 50 wa Jalrez, wilaya ya mashambani katika jimbo la Wardak. Mshahara ulipofika, baadhi yao walidhani wameongezwa. Kumbe hawakuongezwa hata kidogo! Siku zote wakubwa wao walikuwa wakimega fungu lao, lililokadiriwa kufikia asilimia 30, kabla ya kuwakabidhi fedha mkononi. Tena yakagunduliwa majina ya askari hewa, ambao mishahara yao ililiwa na watu wengine.

Wako watakaosema kwamba mishahara ya polisi haimhusu mkulima. Sivyo hata kidogo. Askari aliyeibiwa haki yake hujilipa mwenyewe, na mlipaji huwa ni yule mnyonge apitaye kizuizini na gunia lake la mazao. Kwa hiyo kila mshahara unaomfikia mwenyewe ukiwa kamili ni kinga kwa wanakijiji.

Hata hivyo, mnyonyaji hakubali kushindwa kwa urahisi. Ilielezwa kwamba kamanda mmoja aliwataka askari wake wampe laini zao za simu, kisha akajaribu kuzichukua fedha zao kwa wakala. Hapa pana fundisho kubwa. Chombo kipya kikiingia mikononi mwa bwana wa zamani, unyonyaji hubaki ule ule, ila umevaa nguo mpya. Lazima wakala amtambue mwenye haki, na mwenye haki awe na mahali pa kulalamika pasipo kumwogopa mkubwa wake.

Fundisho la pili ni la lugha. Kwa kuwa wengi nchini humo hawakujua kusoma, M-Paisa ilitumia pia sauti, kwa Kidari na Kipashto. Huo ndio uungwana. Huduma inayomlazimisha mzee wa kijijini kumkabidhi kijana mwenye elimu namba yake ya siri imemzalia kupe mwingine.

Fundisho la tatu ni la usalama. Tangu mwaka 2008 Taliban waliyalazimisha makampuni kuzima minara ya simu nyakati za usiku, na minara kadhaa ikachomwa moto. Basi huduma inayotegemea mnara peke yake hufa pamoja na mnara. Wakala wa karibu mwenye fedha taslimu, daftari lililoandikwa vizuri, na mtumishi anayefika kijijini, hao hawana budi kuwapo.

Serikali ile iliangushwa Agosti 2021. Miongoni mwa maradhi yaliyoidhoofisha ni hayo hayo ya askari hewa na mishahara iliyoibwa, kwani lile jaribio dogo la Jalrez halikuenea kiasi cha kuyaponya. Dawa ilikuwa imeonekana. Waliokula kwa ugonjwa ule hawakuitaka.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, simu haina chama wala huruma. Humtumikia yeyote aishikaye. Kila inapotangazwa huduma ya namna hiyo, tusishangilie mashine. Tuulize: Je, fedha inamfikia mwenyewe ikiwa kamili? Je, asiyejua kusoma ataitumia bila kumtegemea mtu? Je, akidhulumiwa atamwendea nani? Majibu yakiwa mema, huduma hiyo ni ya wananchi. Yakiwa mabaya, ni mirija ile ile ya unyonyaji, nayo ni wajibu wetu kuikata.