Kuazimana si Kukodishana

Siku hizi bi harusi akitaka nguo ya kupambiwa, huuliza kwanza kwenye kundi la WhatsApp la kuazimana. Twalipenda jambo hili. Lakini makundi mengine yamejaa picha zenye bei, na wenye picha ni wale wale watatu wanne wenye makabati ya nguo za kukodisha. Kukodisha ni halali, hatuna neno. Ila mlango huu ukishafunguliwa, kuufunga ni kazi.

Tazameni Airbnb. Mwaka 2007, Brian Chesky na Joe Gebbia walikuwa wamelemewa na kodi ya nyumba mjini San Francisco. Wakatandika magodoro ya upepo, wakalaza wageni watatu waliokuja mkutanoni. Ndiko lilikotoka jina: godoro la upepo na chai ya asubuhi. Leo ukitafuta humo nyumba ya fungate, mara nyingi anayekujibu ni kampuni yenye nyumba chungu nzima.

Wenye chumba kimoja hawakufukuzwa. Kanuni zinawasukuma pembeni. Kupata alama ya Superhost, mwenyeji atakiwa awe na wastani wa nyota 4.8, ajibu asilimia 90 ya maulizo ndani ya saa 24, na aliowavunjia ahadi wasifike asilimia 1. Mwenye wafanyakazi hatoki jasho. Mama anayelea na kuuguza mzazi ataweza wapi? Na kwa kuwa kampuni hula ushuru kwa kila mgeni, mwenye nyumba 20 ndiye mtamu kwake. Etsy nayo ilianza 2005 kwa kazi za mikono. Kufika 2013 ikaruhusu wauzaji watengenezewe bidhaa na viwanda.

Makundi yetu hayakati ushuru, lakini yana aibu, nayo yatosha. Dada mwenye nguo yake moja, aliyoivaa siku moja, haya humshika kuiweka picha ya simu baina ya picha za studio. Hunyamaza, na anayekosa ni bi harusi asiye na uwezo.

Rai yetu: wasimamizi wafungue kundi jengine la kukodisha, hili libaki bila bei kabisa. Muazimaji aifue nguo, aipige pasi, aifukize udi na airejeshe siku waliyoagana. Ikichanika, aseme mapema, kabla mwenyewe hajaiona.