Daftari la Ardhi Lisomwe Mkutanoni

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka kila halmashauri ya kijiji iwe na daftari la ardhi, na inamkabidhi mtendaji wa kijiji jukumu la kulitunza. Wanafunzi wangu hukiruka kifungu hicho kifupi ili wafike upesi kwenye mamlaka ya Rais na fidia. Nami nashikilia kwamba hatima ya mashamba yetu imo humo.

Tumezoea kupima mafanikio kwa idadi ya hati. Hatimiliki za kimila hutolewa kwa sherehe, mgeni rasmi hupigwa picha, msafara huondoka. Baada ya hapo nani hufuatilia? Mzee mwenye hati ya ekari 10 huuza 4 kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi wawili, ilhali uhamisho huo ulipaswa kuidhinishwa na halmashauri ya kijiji. Mnunuzi ni mtu wa mjini (sisi wahadhiri tumo). Shamba la mihogo huzungushiwa seng'enge na kukaa miaka bila kuguswa na jembe. Daftari, kama lipo, bado linasema mzee ana ekari 10.

Mabadiliko makubwa nayo tumeyaona. Wilayani Kisarawe, kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11, ili ilime mbono kaburi kwa ajili ya mafuta. Ardhi hiyo ilihaulishwa, ikatoka katika ardhi ya kijiji ikawa ardhi ya jumla. Mwaka 2011 mradi ulianguka na ajira zikapotea. Ardhi haikurudi vijijini, kwani kushindwa kwa mwekezaji hakubadilishi hadhi ya ardhi aliyopewa.

Wapo wanaoniambia kwamba picha za setilaiti zitamaliza tatizo. Zitatuonyesha kwamba msitu umekuwa shamba, au shamba limekuwa viwanja. Hazitatuambia nani aliuza, wala kama mke wake aliridhia. Majirani ndio wanaojua. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Basi na mabadiliko ya daftari yasomwe: nani kauza, kamuuzia nani, shamba limekuwa nini. Tusimwachie mtendaji peke yake, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo aliyeombwa kugonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano.

Ugomvi utazuka, sikatai. Naupendelea huo kuliko kesi itakayofika kwenye baraza la ardhi baada ya miaka 15, mashahidi wote wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Likizo inakaribia. Ninawaomba wanafunzi watakaorudi vijijini wapite ofisi ya kijiji, waombe kwa adabu kuonyeshwa daftari la ardhi, na watazame tarehe ya ingizo la mwisho.