Staa, Chuma Hakidumazi Mtoto! Acha Kumrudisha Dogo Kwenye Kochi

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni. Kifua kama mlango wa benki, mikono imejaa hadi shati linalia. Juzi mama mmoja kamuuliza kwenye komenti: "Kaka, mwanangu ana miaka 13, kibonge, daktari kasema sukari yake imeanza kupanda. Mwenyewe anataka kupiga chuma. Nimruhusu?"

Staa akajibu fasta: "Usithubutu mama, utamdumaza. Asubiri afike 18." Makopakopa yakamiminika, mada ikafungwa.

Jamani! Dogo kaomba mwenyewe kutoka kwenye kochi, halafu tunamrudisha?

Hii stori ya chuma kudumaza watoto imepitwa na wakati. Ni kweli ncha za mifupa ya mtoto, pale anaporefukia, ni laini na zinaweza kuumia. Lakini kinachoumiza ni mzigo uliomzidi, mkao mbovu na kukosa msimamizi, siyo zoezi lenyewe. Na tuache unafiki: binti wa miaka 10 akitwishwa ndoo ya lita 20 kutoka bombani, nani kawahi kusema atadumaa? Hizo ni kilo 20 kichwani, bila kocha!

Sasa sikia dogo anachokoseshwa. Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Ukizoeshwa, insulini nayo inafanya kazi vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa. Miaka 5, staa, siyo 18! Kisukari aina ya 2, kile tulichozoea kukiita cha watu wazima, siku hizi kinakamata hadi wa sekondari.

Hatusemi dogo akashindane na mabaunsa. Aanze na uzito wa mwili wake: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kujivuta kwenye bomba. Mkao kwanza, kilo baadaye. Mtu mzima anayejua awepo, daktari wake ajue. Na soda ipungue. Hiyo ya soda staa hawezi kuisema, maana ndiyo inayomlipa matangazo.

Mama, mruhusu dogo. Na wewe staa, rudi kwenye ile komenti ukajisahihishe.

Wadau, mnasemaje? Tiririkeni hapo chini.