Kamera Ndogo Ichaguliwe kwa Mwanga wa Mahali

Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, saa nne ya asubuhi huwa na sura mbili. Barabarani jua ni kali. Hatua chache ndani ya msitu wa misindano, mwanga umekwisha pungua mara nyingi. Mtu haioni sana tofauti hiyo, kwa kuwa mboni ya jicho hutanuka na ubongo hurekebisha yaliyosalia. Kamera haikujaliwa uwezo huo. Kwa hiyo mwanafunzi wa misitu, au mkazi yeyote wa huko anayetaka kamera ndogo ya dijitali kwa picha za kila siku, yaani miche kitaluni, mahafali chuoni, au mgeni aliyekaribishwa sebuleni, yampasa aanze na swali moja: je, kamera hii hupokea mwanga kiasi gani?

Dukani aghalabu huulizwa swali jingine, nalo ni la idadi ya megapikseli. Megapikseli 1 ni nukta milioni 1 zinazoiunda picha. Kamera ya kwanza ya dijitali ya kushika mkononi, iliyoundwa na Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, nayo ilichukua sekunde 23 kuweka picha moja kwenye kanda. Wakati huo kuongeza nukta kulikuwa maendeleo ya kweli. Leo hesabu ni nyingine. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji takriban nukta milioni 2.1. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji milioni 8.7. Anayelipa zaidi ili atoke megapikseli 16 afike 20, kwa picha za albamu, hununua tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kilicho muhimu zaidi ni ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Katika kamera nyingi ndogo za bei nafuu, kipande hicho kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, yaani eneo la milimita za mraba 28 hivi. Katika kamera ndogo za daraja la juu, zile zinazoitwa za inchi 1, vipimo ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo la milimita za mraba 116, karibu mara nne. Mfano wake ni mapipa ya kukinga mvua: mvua ikiwa kubwa, pipa jembamba nalo hujaa, ikiwa ya manyunyu, pipa pana ndilo lenye faida. Nukta nyingi zikisongamana katika eneo dogo, kila moja hupata mwanga haba. Kamera hulazimika kuikuza ishara hafifu, na picha hutoka na chengachenga.

Lenzi nayo ina sehemu yake. Tundu la f/2 hupitisha mwanga mara nne ya tundu la f/4. Mnunuzi akumbuke pia kwamba katika kamera nyingi ndogo, kadiri lenzi inavyovuta kitu cha mbali, ndivyo tundu linavyopungua. Ama ule uvutaji uitwao wa dijitali, huo haufai kulipiwa hata senti, maana ni kukata kipande cha picha na kukipanua.

Yapo pia mambo ya mahali. Udongo wa miteremko ya Meru, uliotokana na majivu ya volkano, hutoa vumbi jembamba wakati wa kiangazi, nalo hupenya kwa urahisi katika lenzi inayotoka na kuingia. Mfuko wa kufunga vizuri si anasa. Tena soko limebadilika: mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha kamera zaidi ya milioni 100 za aina ya lenzi isiyobandulika, kufikia mwaka 2023 zilikuwa chini ya milioni 2. Kwa hiyo kamera nyingi za bei ya chini sasa ni zilizokwisha tumika, na kabla ya kuinunua hapana budi kuhakikisha kwamba betri na kadi yake bado zapatikana.

Watakuwapo watakaosema kwamba simu yatosha. Kwa wengi ni kweli, na mwenye simu nzuri asiharakishe kutoa fedha. Kamera hustahili gharama pale tu inapotoa kisichopatikana kwenye simu: kuvuta kwa lenzi yenyewe, kipande kikubwa cha kupokea mwanga, au betri ya akiba kwa siku nzima porini.

Hata hivyo, kamera bora haitamfaa asiyetunza picha. Mche uliopigwa picha leo, na ukapigwa tena kila mwaka kutoka mahali palepale, ni ushahidi wa ukuaji. Saa ya kamera ikiwa na tarehe ya uongo, ushahidi huo umepotea. Kadhalika picha ya bibi iliyobaki kwenye kadi moja tu itakwenda na kadi hiyo. Tarehe irekebishwe siku ya kwanza, na nakala iwekwe mahali pawili.

Basi mnunuzi aombe kuijaribu kamera kabla ya kulipa: azime flashi, apige picha kwenye kona yenye giza ya duka, kisha aikuze kwenye kioo. Kona hiyo itamweleza mengi kuliko boksi.