Unga wa Ma'rib



Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu huyasoma tangu chuoni kwa ulimi, kisha siku moja Mwenyezi Mungu akamjaalia kuyaona kwa macho. Kwangu mimi, kisa cha watu wa Saba kilikuwa hivyo.

Mwaka 1997 nilikuwa mwanafunzi Hadhramaut. Tulifunga safari watu sita katika gari moja, kutoka Sayun kwenda Sana'a, tukilikata jangwa la Ramlat as-Sab'atayn nyuma ya Bedui aliyeusoma mchanga kama sisi tusomavyo khati. Kutwa nzima hatukuona kijiji, wala kisima, wala kivuli ila cha gari letu. Mwalimu wetu akatukumbusha kwamba watu wa Saba walijaaliwa miji iliyofuatana njiani, wakisafiri usiku na mchana kwa amani, nao wakaichoka raha hiyo, wakaomba safari zao zirefushwe. Tukanyamaza garini. Mtu aliyeshinda jangwani huuelewa uzito wa dua ile bila ya sherehe ndefu.

Siku ya pili tukafika Ma'rib, tukapelekwa pale Wadi Dhana inapopita baina ya majabali mawili ya Balaq. Hapo ndipo lilipojengwa bwawa lile kongwe, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita: boma la udongo lililovikwa mawe, lenye urefu wa takriban mita 600. Boma lenyewe limekwenda na maji. Yaliyobaki ni majengo mawili ya milango ya maji, moja kaskazini na moja kusini, kwa mawe yaliyochongwa yakashikana hata wembe usingepenya.

Mwenyeji wetu akatueleza kazi yake. Bwawa lile halikuwa la kuweka maji mwaka mzima. Liliyazuia mafuriko ya misimu ya mvua, likayainua hadi kimo cha mashamba, kisha yakagawanywa kwa ile milango miwili: huku bustani ya kulia, huku bustani ya kushoto. Nikazikumbuka zile bustani mbili za Sura ya Saba, nikamhimidi Mola wangu.

Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. Maji yale yalikuja na tope la rutuba. Tope hilo ndilo lililoyastawisha mashamba, na tope hilo hilo likayainua mashamba mwaka baada ya mwaka, mpaka maji yakawa hayayafikii tena ila boma nalo liongezwe kimo. Basi kila neema ilipozidi, kazi ya kuitunza nayo ilizidi. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ma'rib waliziba nyufa na wakajenga kuta, karne kwa karne. Walipogeuza nyuso zao wasishukuru, likawajia furiko la Arim, na bustani zikabadilika zikawa miti ya matunda machungu, mivinje, na mikunazi michache.

Yuko pia Abraha, ambaye wanavyuoni wanamtaja kuwa ndiye yule wa ndovu. Alilikarabati bwawa hilo katikati ya karne ya 6, akaandikisha habari zake juu ya jiwe. Mwenyeji wetu akatuhesabia yaliyotajwa humo: makabila yaliyoitwa, maradhi yaliyoisimamisha kazi, wanyama waliochinjwa, tende, na unga wa kuwalisha mafundi. Miongo michache baadaye boma likavunjika, lisijengwe tena.

Mmoja wetu akauliza, "Na huo unga, aliusaga nani?"

Mwenyeji akacheka. "Jiwe halikusema."

Mama zangu na dada zangu, neno lile lilinichoma. Nyumbani nilikuwa nimemwacha mke na watoto wawili. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza, na katika fedha hizo alinitumia nauli na vitabu. Barua zake zilinijia, nami nikimjibu: wasalimie wazee, watoto wasome, nitumie kadhaa. Miaka mitatu sikuwahi kumwandikia, "Ahsante, mke wangu." Nilikuwa nikisomeshwa juu ya shukrani kwa unga wa mtu nisiyemshukuru. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Nilipofika Sana'a niliandika barua isiyokuwa na ombi lolote. Niliporudi nyumbani niliikuta kwenye sanduku la kanga zake, imekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Hakunilaumu. Alisema tu, "Hii niliisoma mara nyingi." Laiti angenilaumu, ingenikuwia nyepesi zaidi.

Leo huja kwangu watu wa ndoa za miaka ishirini wakitaka kuachana, na ninapowauliza kisa, mara nyingi hawana kisa kikubwa. Wana mambo madogo yaliyorundikana kama tope: watoto wameongezeka, kazi zimeongezeka, na boma limebaki na kimo kile kile cha siku ya harusi. Neno jema la mwaka wa kwanza halitoshi mwaka wa ishirini.

Mwaka 1986 bwawa jipya lilikamilika juu kidogo ya lile kongwe, kwa gharama ya Sheikh Zayed wa Abu Dhabi. Maji yakazuiwa tena. Basi nani awezaye kusema kwamba kilichovunjika hakijengeki?

Baba wa nyumba, usiku wa leo kabla hujalala, mtazame aliyekusagia unga, umtajie kwa jina jambo moja alilokufanyia. Nawe mama, ukiambiwa, usiseme, "Leo umeota nini?" Pokea.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe katika waja wako wachache wenye kushukuru. Amin.