MAZUNGUMZO YA JIONI: Usikakamae Safarini

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mji wa kwetu unalijua kwa magoti na viwiko vyake, yaani kuanguka njiani. Mtanisamehe nikianza kwa kusimulia aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokwisha kuanza, nilimpakia mama yangu mzazi kwenye keria ya baiskeli nimpeleke zahanati. Mama ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na kila mwezi hana budi kupimwa na kupewa dawa. Tokea nyumbani kwake mpaka barabara kuu itokayo Buhongwa kwenda Usagara ni njia ya mchanga, na katikati yake lipo korongo. Mimi nilikuwa na hofu, kwa maana nimempakia mzazi. Basi nikashika usukani kama mtu ashikaye fahali kwa pembe. Nikabana pumzi, nikakaza mabega, nikakodolea macho jiwe moja lililokaa njiani, huku nikisema moyoni, "Nisiligonge jiwe lile, nisiligonge jiwe lile." Nikaligonga lile lile.

Mama aliangukia mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Alifungwa plasta majuma sita. Mimi sikupata hata mkwaruzo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alipofunguliwa, mama alisema, "Mwanangu, baiskeli yako basi. Nitakwenda kwa miguu." Mwezi wa kwanza alikwenda kwa miguu. Mwezi wa pili alikwenda, akarudi amechoka hata hakula. Mwezi wa tatu hakwenda kabisa, na dawa zikamwishia. Hapo ndipo nilipotambua ya kuwa kule kuanguka kwangu hakukuvunja mkono peke yake. Kulikuwa kunakaribia kumvunjia mama afya yake yote.

Kwa jirani yupo mzee mmoja ambaye ujanani mwake alifanya kazi ya usaisi huko Kenya, yaani kazi ya kutunza farasi. Alikuja kumpa mama pole. Kisha akanigeukia mimi, "Kijana, ulipoanguka ulikuwa unatazama wapi?"

Nikajibu, "Guku, nilikuwa nalitazama jiwe."

Akasema, "Basi ulikwenda ulikotazama. Farasi naye ndivyo alivyo."

Wasomaji wengi hawajamwona farasi ila katika picha, na sababu yake inajulikana. Nchi zetu nyingi zilikuwa na mbung'o, tunaowaita pia ndorobo, ambao huambukiza wanyama ugonjwa wa nagana. Daktari David Bruce ndiye aliyegundua katika miaka ya 1890, huko Zululand, Afrika ya Kusini, kwamba mbung'o ndio wanaoueneza. Tena uko ugonjwa mwingine wa farasi unaoletwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma usiku, nao huua farasi upesi sana. H. M. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa hata kabla msafara haujafika mbali na pwani. Lakini mahali ambapo wadudu ni wachache, na waganga wa mifugo wapo karibu, farasi huishi. Siku hizi wako watalii wanaosafiri juu ya farasi kwa siku nyingi katika nyika za magharibi ya Kilimanjaro, na vilevile huko Maasai Mara nchini Kenya.

Yule mzee alinieleza kwamba mtu anayejifunza kupanda farasi hufundishwa kwanza kukaa, kabla ya kufundishwa kwenda mbio. Akae juu ya mifupa miwili ya makalio, uzito sawasawa kulia na kushoto. Mtu akimtazama kwa ubavuni, aone sikio, bega, nyonga na kisigino vimepangika katika mstari mmoja. Macho yatazame mbele, yasitazame shingo ya farasi. Mikono ishike hatamu kwa upole, kwa kuwa hatamu zimefungwa kwenye lijamu, na lijamu imo kinywani mwa mnyama. Visigino vishuke chini kidogo katika vikuku. Magoti yasimbane farasi, kwani anayebana kwa magoti hujisukuma juu mwenyewe, kama mbegu ya chungwa ibanwayo kwa vidole viwili. Tena apumue. Farasi ni mnyama mwoga, na mpandaji akibana pumzi na kukaza mapaja, farasi huhisi, hudhani ipo hatari, naye huanza kuhangaika. Basi hofu ya mtu humwingia mnyama, na hofu ya mnyama humrudia mtu.

Nilimwuliza, "Lakini Guku, baiskeli haina moyo. Itaogopaje?"

Akacheka, akasema, "Haiogopi, lakini mikono yako inaipa hofu yako."

Nimelifikiri neno hilo siku nyingi, nikaona ni kweli. Baiskeli husimama kwa kusahihishwa kidogo kidogo wakati wote. Ikianza kuegemea kushoto, mpandaji hugeuza usukani kidogo upande huo huo wa kushoto, na magurudumu hurudi chini ya uzito wake. Afanya hivyo mara nyingi sana bila kufikiri. Mikono iliyokakamaa haiwezi kufanya kazi hiyo ndogo. Huchelewa, kisha husahihisha kwa nguvu mno, na baiskeli huyumba.

Mwili wetu una mashahidi watatu wanaotuambia kama tumesimama wima. Wa kwanza ni macho. Wa pili yumo ndani ya sikio: kila sikio lina vijifereji vitatu vilivyopinda, vyenye maji, na maji hayo yakitikisika kichwa hujua kinaelekea wapi. Wa tatu ni misuli na viungo vyenyewe, hasa vya nyayo, magoti, nyonga na shingo. Mtu akikaza shingo na kubana magoti, amemziba mdomo shahidi wa tatu. Akikodolea macho chini mbele ya gurudumu, amemfunga na wa kwanza.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta walimu. Mtazameni mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Shingo yake imenyooka bila kukakamaa, macho yako mbali, na nyonga zinacheza taratibu chini ya mzigo. Mtazameni mvuvi asimamaye ndani ya mtumbwi ziwani. Magoti yake yamekunjwa kidogo, wimbi likiinua mtumbwi magoti hulipokea, na kifua hakisogei. Hao hawakusomea chuo chochote, lakini wanajua sawasawa na yule mpanda farasi.

Sasa yafaa niwaeleze mazoezi niliyoyafanya mimi, robo saa kila jioni, kwa muda wa majuma kadhaa. Watoto walinicheka, kisha wakaanza kuyafanya pamoja nami.

Kwanza, pumzi. Kaa juu ya kigoda, weka viganja chini ya makalio hata uisikie ile mifupa miwili. Sogea mpaka yote miwili ilemewe sawasawa. Kisha ondoa mikono, vuta pumzi kwa kuhesabu 4, toa polepole kwa kuhesabu 6. Fanya hivyo mara 10. Pandisha mabega mpaka karibu na masikio, halafu yaachie yaanguke.

Pili, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta au mti, ukihesabu mpaka 30, kisha badilisha mguu. Tazama kitu kilicho mbali. Wazee wafanye huku wameshika mgongo wa kiti. Mtu mwenye kizunguzungu au ugonjwa wa masikio aonane kwanza na mganga wa zahanati. Nao wanaotumia dawa za shinikizo la damu wasiinuke ghafula, kwa maana dawa nyingine huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Wakae kitako kwanza, ndipo wasimame.

Tatu, kwenda polepole. Chora mistari miwili ardhini, upana wa hatua moja na urefu wa hatua 10. Pita katikati kwa baiskeli taratibu kadiri uwezavyo, bila kutua mguu wala kukanyaga mstari. Anayechelewa kufika ndiye mshindi. Watoto hupenda sana mchezo huu, nao ndio unaofundisha kuliko yote, kwani baiskeli ya mwendo wa pole haimsitiri aliyekakamaa.

Nne, viwiko. Ukiwa unakwenda, chezesha vidole juu ya usukani kama unapiga kinanda. Visipoweza kucheza, umeshika kwa nguvu mno. Viwiko vikunjwe kidogo, maana mkono ulionyooka kama mpini hupeleka kila tuta moja kwa moja mabegani.

Njiani, kumbuka haya. Penye mchanga, usishindane na gurudumu la mbele. Liache licheze kidogo, endelea kukanyaga, uzito wako uwe nyuma. Penye mteremko, punguza mwendo mapema, kabla ya kuteremka, sogeza makalio nyuma, na kanyagio zote mbili ziwe usawa mmoja ili magoti yapokee mitikisiko. Penye kilima, inama mbele kidogo, kama afanyavyo mpanda farasi. Penye jiwe, tazama pale unapotaka kupita. Mzigo nao uwe chini, ufungwe imara, uzito sawa pande zote mbili.

Wanaopakiwa nao wana kazi yao, hasa kwenye bodaboda, ambazo sasa zimejaa mpaka vijijini. Panda kwa upande wa kushoto, maana pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia, nalo huunguza mguu. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Weka miguu kwenye vikanyagio vyake. Kaa karibu na dereva, legeza kiuno, na dereva akiinama kwenye kona uiname pamoja naye, wala usijivute upande wa pili kwa hofu. Tazama mbele juu ya bega lake, ili tuta lisikukute hujui. Akina mama wanaokaa upande wajue kwamba uzito wao wote uko upande mmoja, na wakitupwa hawana cha kubana. Afadhali kuvaa suruali chini ya kanga na kukaa kwa kutanua miguu. Kanga isining'inie karibu na mnyororo au spoki. Tena msikubali mshikaki, watu watatu na wanne juu ya pikipiki moja. Hapo hakuna maarifa ya mizani yatakayowaokoa. Dereva anayekimbia mno, mwambieni apunguze. Akikataa, shukeni. Nauli si kitu mbele ya uhai.

Najua yupo atakayesema, "Karani huyu anatufundisha kulegea, na mtu mlegevu ndiye aangukaye." Sisemi tulegee kama kitambaa kilicholowa. Mgongo ubaki wima na tumbo liwe na nguvu kidogo. Kinachotakiwa kulegea ni kile kisicho na kazi: taya, mabega, viganja na magoti. Mpanda farasi mzuri hufanya kazi, ila kazi yake haionekani.

Turudi kwa mama. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilipoona nimeanza kuelewa, nilifunga debe la mchanga kwenye keria, nikapita lile korongo mara nyingi, kwenda na kurudi, mpaka pumzi yangu ikawa haibadiliki. Ndipo nikamwendea mama, nikamwomba. Hakujibu siku ile. Siku ya pili alikuja uani wakati wa mazoezi, akasimama akitutazama mimi na watoto tukishindana kwenda polepole. Akasema tu, "Kliniki ni Alhamisi."

Alhamisi nilimwekea mto juu ya keria na kumfungia mahali pa kukanyagia. Tulipolikaribia korongo nilisimama, nikamwuliza kama angependa kushuka. Akasema, "Ukiteremka na kusukuma, nitashuka. Ukipanda, nitakaa." Nilipanda. Nikatoa pumzi polepole, nikatazama mti ulio ng'ambo, nikaviacha viwiko vyangu. Jiwe lilikuwa palepale. Tulipita pembeni yake.

Nami nilikuwa nasikiliza nyuma, nikingoja kusikia kama amebana pumzi. Badala yake nikamsikia akiuliza, "Hivi nyanya sokoni Buhongwa wanauza fungu shilingi ngapi siku hizi?" Akaendelea kuongea juu ya nyanya mpaka tukafika barabarani. Tangu siku hiyo hajakosa dawa zake.

Basi, wasomaji, jioni hii chorengi ile mistari miwili uani, mwite watoto, na baba mwenye nyumba awe wa kwanza kujaribu. Wakimcheka, asikasirike. Tukijaliwa, tutaongea tena juma lijalo.